Waliogombea Kutua Mwisho

Beldina Adoyo alikuwa amezoea watu wanaogombea kuwa wa kwanza. Kuwatuliza watu hao ndiyo kazi yake. Lakini siku ya kumzika Mwalimu Hezekiah, katika uwanja wa shule nje kidogo ya Kiptere, huko Kericho, aliwaona watu wazima wakigombea kuwa wa mwisho, tena wakigombea angani, juu ya jeneza la mtu. 

Asiyetoka huku huenda asielewe. Mkubwa hafiki mapema matangani. Akifika mapema ataketi kwenye kiti cha plastiki kama watu wengine, asikilize kwaya, na mpinzani wake akiingia itabidi naye asimame kumpokea. Kwa hivyo hungoja. Mwenye gari hujificha nyuma ya kituo cha petroli mjini, vioo vimepandishwa, mpaka apigiwe simu kwamba mwenzake ameshaketi. Ndipo aje, kwaya ikatwe katikati ya ubeti, MC apayuke, vichwa vyote vigeuke. Mwenye chopa, yaani helikopta, hana kituo cha petroli cha kujifichia. Yeye huzunguka.

Adoyo si mtu wa chopa. Baba yake, Jackton Omollo, alitoka upande wa ziwa kutafuta kazi, akapata ya kulisha kuni boila ya kiwanda cha majani chai, akailisha mpaka nyusi zikaungua. Mama yake, Dolphine, alichuma chai. Aliitwa Adoyo kwa sababu alizaliwa wakati wa palizi, ingawa pale alipozaliwa, katika nyumba za wafanyakazi zilizofuatana kama mabehewa, hapakuwa na hata kipande cha shamba lao cha kupalilia. Alikua akiongea Kijaluo nyumbani, Kipsigis mtoni na Kiswahili shuleni, na lugha zote tatu alizitumia kuuliza maswali.

Swali moja lilimsumbua sana. Jioni malori ya majani mabichi yalipanga foleni kwenye lango la kiwanda, na kuna siku lori dogo bovu liliruhusiwa kuyapita makubwa yote. Alimuuliza baba yake kama dereva wa lile dogo ana ndugu ndani. Jackton alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza kwamba majani yakikaa yamebanana kwenye lori hupata joto, yakageuka mekundu na kunuka kama soksi. Lile dogo lilikuwa limekwama matopeni tangu asubuhi. "Hapa hatuangalii nani mkubwa," alimwambia. "Tunaangalia nani anakaribia kuoza."

Aliyempeleka mbali zaidi ni Mwalimu Hezekiah. Huyo alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la sita, mrefu, mkali, suruali imeshikwa na tai kuukuu badala ya mshipi. Siku za kufundisha pembe hakutumia ubao. Alichora duara kubwa la majivu uwanjani, akaliandikia digrii pembeni, akawasimamisha watoto katikati na kuwaamuru watembee: wewe tisini, wewe mia na themanini, Adoyo mia mbili na sabini, mpaka ukute ua. Halafu aliwaita wote warudi kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na waliogongana walianza upya. Watoto walidhani ni mchezo. Miaka mingi baadaye Adoyo aliketi mbele ya rada Nairobi, akakuta kazi yenyewe ni ileile, ila watoto sasa wana mabawa na wamebeba watu mia tatu.

Kazi hiyo ukiielezwa utashangaa jinsi ilivyo rahisi kutamka na ilivyo ngumu kutenda. Ndege zinakuja kutoka kila upande: Mombasa, Kisumu, Addis, Ulaya, na videge vya watalii kutoka Mara. Njia ya kutua ni moja. Mwongoza ndege huzishika zikiwa bado mbali, akaanza kuzisuka ziwe mstari mmoja. Huyu anaambiwa apunguze mwendo. Yule anapindishwa kidogo kushoto ili njia yake iwe ndefu zaidi. Ndege kubwa huacha nyuma yake upepo uliojisokota kama kamba, usioonekana, na ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa kama kifaranga, kwa hivyo ndogo huwekwa nyuma mbali zaidi. Zikizidi, nyingine huambiwa zizunguke mahali pamoja, kila moja kwenye urefu wake, futi elfu moja kati ya hii na ile, kama sahani kwenye rafu. Sahani ya chini ikitolewa, za juu zinashuka daraja moja moja. Aliyetangulia kufika hutangulia kutua, isipokuwa mwingine awe na mgonjwa, au mafuta yake yanaisha, au ni rais wa nchi. Marubani hulalamika, lakini hufuata. Adoyo aliipenda kazi hiyo kwa sababu sauti ya mtu haikuwa na tumbo wala saa ya dhahabu. Ilikuwa sauti tu, na zamu yake.

Basi Mwalimu Hezekiah akafa kwa uzee, na Adoyo akaomba ruhusa kazini aje kumzika.

Alifika mapema akaketi karibu na mjane, Rebeccah, ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya. Kogo hakuwa analia. Alikuwa anatazama mawingu upande wa msitu wa Mau. Kericho yote inajua kwamba mvua ya alasiri huku haikosi, ila watu wengine huijua kwa nguo za kuanika, naye Kogo aliijua kwa kidonda. Binti yake, Nelvine, alizikwa siku ambayo wageni walichelewa. Mvua iliwatangulia. Kaburi likajaa maji mekundu, jeneza likaelea, na vijana wakalisukuma chini kwa fito huku mama mtu akitazama. Mwalimu alikumbuka jambo hilo mpaka kitandani. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa hilo: nisielee.

"Mimi sitaki hotuba," Kogo alimwambia Adoyo kwa sauti ya chini. "Sitaki hata pesa ya hawa watu. Nataka mzee aingie pakavu."

Lakini mazishi hayakuwa mikononi mwake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanawe wa kwanza, Kipchoge, aliyekuwa akiitafuta tikiti ya chama ili awe MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, na matanga ya baba yake aliyapanga kama mtu anayepanga mkutano wa kampeni. Jukwaa liliinuliwa, zulia jekundu likatandikwa, na juu yake yakawekwa makochi matatu ya ngozi yaliyotolewa mjini Bomet. Picha za waheshimiwa watatu waliokuwa wakingojewa zilikuwa kubwa kama milango. Picha ya marehemu ilikuwa ndogo kama sahani ya chai, imeegemezwa kwenye spika. Jeneza lenyewe liliwekwa nje ya hema, juani, kwa sababu hema la familia lilipewa walinzi na wapiga picha. Nzi walikuwa wameshalijua. Adoyo aliona mlinzi mmoja akila nyama ya mbavu huku ameegemeza kiwiko kwenye kifuniko, na alipomaliza akapangusia vidole kwenye kitambaa cheupe kilichofunika jeneza. Adoyo alikwenda, akakikunja kile kitambaa upande uliochafuka, akamtazama yule mtu usoni. Mtu akachokoa meno.

Chopa ya kwanza kutua ilikuwa nyeupe. Ilibeba mheshimiwa mdogo kuliko wote, aliyedanganywa kwa simu kwamba wenzake wameshafika. Alipokuta makochi matupu alikasirika waziwazi. Akaketi pembeni, shingo imekunjika kama ya mbuzi aliyetoka kuogeshwa dawa ya kupe, na kila mara akitazama juu.

Huko juu ndiko kulikokuwa na uchafu wenyewe. Chopa mbili, nyekundu na ya bluu, zilitokea karibu pamoja, na hakuna iliyoshuka. Nyekundu ilizunguka kwa kulia. Ya bluu ikazunguka kwa kushoto. MC akawatangazia watu kwamba mambo yameanza kunoga, wapige makofi, na watu wakapiga. Mchungaji alisimama na Biblia yake akaambiwa aketi. Kwaya iliambiwa iimbe, halafu ikaambiwa inyamaze kwa sababu mheshimiwa anashuka, halafu iimbe tena kwa sababu ameghairi. Vumbi na nyasi kavu vilimwagika juu ya jeneza. Kila chopa ilipopita chini, mahema yalitapatapa na akina mama wakashika vitambaa vyao.

Adoyo hakutaka kutazama. Lakini masikio yake yana mazoea yake, na alisikia kwamba ngurumo zile mbili zilikuwa kwenye urefu mmoja. Akainua macho. Mmoja huku, mmoja kule, duara moja, urefu mmoja, wakija kukutana juu ya watu. Wakapishana kwa nafasi ambayo kazini ingempeleka mtu nyumbani siku hiyohiyo. Watu walishangilia. 

Alivuka uwanja kwenda kwa rubani wa chopa nyeupe. Rubani huyo aliitwa Makori, kijana Mkisii aliyeketi mlangoni mwa chopa yake, vipokea sauti vikiwa shingoni, uso umempauka. Alipomsikia Adoyo akimsalimu aliruka. Alimwambia hajawahi kumwona, ila sauti hiyo humwongoza kila wiki anapokaribia Nairobi.

Kutoka kwenye vile vipokea sauti Adoyo aliwasikia marubani wa zile mbili. Nyekundu alikuwa akimwambia wa bluu atangulie. Wa bluu alisema hapana, heshima ni ya nyekundu. Walikuwa wanakaribishana kama majirani mlangoni, lakini nyuma ya kila rubani ilisikika sauti nene ya bosi ikiamuru: usishuke, nimesema usishuke, huyo lazima atangulie.

"Dada, ongea nao wewe," Makori alisema. "Mimi wananiona mdogo. Wataua watu."

Adoyo alisita. Nje ya chumba cha rada yeye si mwongoza ndege, ni mwombolezaji tu, na anga ya kijijini haina mwenyewe. Marubani huko huarifiana wenyewe kwa wenyewe, basi. Hana amri. Lakini habari anaweza kutoa, kupitia redio ya Makori na kwa idhini ya Makori. Akavaa vile vipokea sauti, akajitaja jina, akasema kwamba hayuko kazini, yuko matangani, na anachosema ni habari tu. Kisha akawaeleza kila mmoja mwenzake yuko wapi. Akapendekeza wa bluu apande futi elfu moja zaidi na wote wawili wazunguke kwa kulia, nje ya uwanja, juu ya chai, pasipo watu.

 Halafu sauti ya nyekundu ikasema, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwamba anaijua hii sauti, ni ile ya zamu ya asubuhi kule Nairobi. Wakatii wote wawili. Sahani mbili zikakaa kwenye rafu.

Hatari ilikuwa imepungua, lakini mawingu hayakuwa na habari na jambo hilo. Yalikuwa yameshafunika vilima. Adoyo alirudi kwa Kipchoge, akamweleza kwamba anaweza kuwashusha sasa, mmoja baada ya mwingine, aliyetangulia kufika atangulie, na mazishi yaanze. Kipchoge alimwomba asiingilie mambo asiyoyajua. Alisema nyekundu hawezi kutangulia, na wa bluu hawezi kutangulia, na wote wawili ndio wanaoamua tikiti.

"Na baba yako?" Adoyo akamuuliza.

"Baba ameshafika," Kipchoge akasema. "Yeye hana haraka."

Alilisema kwa utani, akitabasamu, kinywa kikinuka kitunguu. Adoyo aligeuka akatema mate nyasini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu tangu azaliwe.

Kogo alikuwa amesikia yote. Hakumtazama mwanawe. Alimvuta Adoyo mkono akamketisha.

"Wewe si ndio unasimamishanga ndege?"

Adoyo alimjibu kwamba hawezi kuzizuia hizi, hana amri, na kusema uongo kwenye redio hatasema, hata kwa ajili ya Mwalimu. Uongo wa redio huua.

"Sijasema udanganye." Kogo alifikiri kidogo. "Hiyo chopa inaweza shukia mahali watu wamekaa?"

"Haiwezi, Kogo. Rubani mwenye akili hawezi."

"Hata wakiwa ni wamama tu wamekaa chini?"

Adoyo alimtazama. Kisha akasema kwamba hata wakiwa akina mama tu.

Kogo akasimama. Alimwita Mongina, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akamnong'oneza kwa muda mfupi. Mongina alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepisi wa kuelewa. Akafunga leso kiunoni, na akina mama wa kanisa wakatoka hemani wawili wawili na mashuka yao, wakaenda katikati ya uwanja, wakaketi chini, miguu wameinyoosha, wakaanza kuimba. MC aliwaomba watoke. Waliimba kwa nguvu zaidi. Wajukuu wa Mwalimu na walimu wenzake wa zamani wakaliinua jeneza, kwa kuwa kaburi lilikuwa nyumbani, ng'ambo ya uwanja, na hakuna njia nyingine ya kufika huko. Mchungaji akaifunga Biblia, kidole kikiwa kwenye ukurasa wake, na kuwafuata. Watu wakainuka, wengine kwa heshima, wengine kwa udadisi.

Adoyo alirudi kwa Makori, akavaa vipokea sauti, akasema neno la kweli tupu: uwanja una watu, jeneza linavuka, hakuna nafasi ya kutua.

Sasa ndipo sauti nene zilipoanza kuuliza kwa hasira nani huyo anayesema hakuna nafasi. Waliokuwa wakikataa kushuka wakataka kushuka, wote wawili, mara hiyo. Adoyo alirudia habari ileile bila kupandisha sauti. Rubani wa nyekundu akasema mafuta yake hayamruhusu kuzunguka zaidi. Hapo hakuna mzaha, na Adoyo alimpa jibu kama angempa mtu yeyote: nyuma ya kilima cha pili kuna uwanja wa mpira wa kiwanda, mpana, hauna nyaya. Nyekundu ikaenda. Baadaye ilisemekana mheshimiwa alipokelewa huko na ng'ombe wawili na mlinzi aliyemtaka aonyeshe kitambulisho.

Kaburini mambo yalikwenda haraka kama yanavyostahili. Mchungaji alisoma, akaomba, akamwita Kogo atupe udongo. Kipchoge alikuja mbio, jasho linamtiririka, akachukua sepetu kwa aibu na kuanza kujaza. Jeneza lilikuwa limekaa chini, kwenye udongo mkavu, limenyooka.

Wimbo ulipoisha akina mama waliinuka, wakakung'uta mashuka yao, wakaelekea kaburini. Adoyo aliutazama uwanja kutoka mwisho hadi mwisho. Angeweza kunyamaza. Wa bluu angezunguka mpaka achoke, na nani angemlaumu? Lakini uwanja ulikuwa wazi, na neno la kweli lilikuwa hilo, kwa hivyo akalisema, japo lilimchachia mdomoni kama maziwa yaliyolala juani.

Chopa ya bluu ikashuka. Ya mwisho kabisa, kama alivyotaka mwenyewe. Na hapo Adoyo aliona jambo lililomchafua roho kuliko nyama na vidole. Watu waliokuwa kaburini walikimbia. Si watoto tu. Wazee wa kanisa, walimu, jamaa wa damu, walikimbia huku wakikanyaga maua, wakivuka ua, simu zimeinuliwa, wakipiga vigelegele. Kipchoge aliitupa sepetu ikiwa bado na udongo, akapangusa viatu kwa majani ya chai na kukimbia nao. Mheshimiwa alishuka, akapunga mkono, akapanda jukwaani, akaanza kusema kupitia spika zilizosikika mpaka mtoni jinsi alivyosikitishwa kwamba mazishi yamefanywa kwa haraka isiyo na heshima.

Adoyo alimrudishia Makori vipokea sauti vyake, akaenda ng'ambo ya uwanja. Kaburini walikuwa wamebaki Kogo, Mongina na wenzake wachache, mchungaji, na wajukuu wawili waliokuwa wakijaza kwa mikono. Alivua koti lake la Nairobi, akaokota ile sepetu. Alijaza huku akisikiliza makofi kutoka upande wa pili, na kila makofi yalipopigwa alichota zaidi. Mikono ilimchubuka, kwani mikono ya rada si ya sepetu. Mongina alimwambia kwa utani kwamba leo jina lake la palizi limepata kazi yake, na yeye akacheka kidogo, cheko kavu.

Matone ya kwanza yalianguka wakati wanalainisha kichwa cha kaburi. Kule uwanjani watu walianza kukimbilia mahema, na spika zikakoroma. Kogo alipiga magoti polepole, akauchomeka mkono kwenye udongo mpaka kiwiko, akauacha humo kidogo, kisha akautoa. Akakisugua kiganja kwa kidole gumba. Vumbi.

"Sasa inyeshe," akasema.